Senti Isiyotimia

Ukipata kuona picha ya kituo cha petroli cha Marekani, litazame vizuri lile bango refu lililosimama kando ya barabara. Bei imeandikwa kwa tarakimu kubwa, tuseme 2.99, na baada yake, juu kidogo, kwa maandishi madogo sana, imeongezwa 9/10. Maana yake ni kwamba galoni moja, nayo ni lita 3.785, yauzwa dola mbili, senti tisini na tisa, na tena sehemu tisa katika kumi za senti nyingine. Sasa jiulize: nani awezaye kulipa sehemu tisa katika kumi za senti? Sheria ya fedha ya Marekani ya mwaka 1792 iliitaja sehemu ya kumi ya senti na kuipa jina la mili, lakini serikali kuu haikupata kamwe kuitengenezea sarafu. Na mwezi wa Novemba 2025 hata senti nzima iliachwa kutengenezwa kwa matumizi ya watu. Hata hivyo ile tisa ya kumi yaonekana bado mabangoni, mchana na usiku.

Huenda ukasema: hayo ni mambo ya watu wa mbali wenye magari mengi. Sisi wakaaji wa Katanika, na wa Kalemie yote, hatuhesabu kwa galoni wala kwa senti. Ni kweli. Lakini mzizi wa jambo hili haumo katika bango. Umo katika macho na akili ya kila mtu anunuaye, awe ameketi garini, awe amesimama na chupa mkononi. Kwa hiyo yafaa tulichungue kwanza huko lilikoanzia, kisha tulilete nyumbani kwetu.

JINSI LILIVYOANZA

Mwanzo wake haukuwa hila. Mwaka 1919 jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza huko Marekani kutoza kodi ya petroli ili kupata fedha za barabara, nalo lilitoza senti moja kwa kila galoni. Majimbo mengine yaliufuata mfano huo, na ilipofika mwaka 1929 yote yalikuwa na kodi hiyo. Mwaka 1932, wakati wa shida kubwa ya kazi na fedha, serikali kuu iliongeza kodi yake ya senti moja. Mwaka uliofuata ikawa senti moja na nusu.

Siku zile galoni nzima iliuzwa kwa karibu senti ishirini. Basi senti moja ilikuwa kama sehemu ya ishirini ya bei, wala si jambo dogo kwa baba aliyekosa kazi. Muuzaji aliyepandisha bei kwa senti nzima alimfanya mteja avuke barabara na kwenda kwa jirani. Kuhesabu kwa sehemu za senti kulikuwa hesabu ya haki, maana sehemu hizo zilikuwa na thamani.

Miaka ikapita, bei zikapanda mara kumi na zaidi. Sehemu ya senti ikapoteza thamani yake, lakini haikuondoka bangoni. Jimbo la Iowa liliikataza kwa sheria mwaka 1985. Mwaka 1989 katazo hilo likaondolewa. Na si Marekani peke yake: huko Ujerumani bei ya lita huishia na tisa ndogo ya juu, na huko Uingereza bei kama peni 149.9 ni jambo la kila siku.

Kwa nini hakuna muuzaji aiachaye desturi hiyo? Pima mwenyewe. Akiifuta ile tisa ya kumi na kuuza kwa 2.99 kamili, apoteza karibu senti moja kwa kila galoni. Akipandisha hadi dola tatu kamili, ameongeza sehemu moja tu ya kumi ya senti. Mteja anunuaye galoni kumi atalipa senti moja zaidi, basi. Lakini bango lake sasa lasomeka tatu, na la jirani lasomeka mbili. Nani atasimama kwake?

Tena wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Marekani hutumia galoni za petroli zaidi ya bilioni 130 kwa mwaka. Tisa ya kumi ya senti, ikizidishwa kwa galoni hizo, yapita dola bilioni moja. Kile ambacho hakuna mtu awezaye kukishika mkononi, kikikusanywa chajaza ghala.

TARAKIMU YA KUSHOTO

Sasa tuingie katika akili ya mnunuzi. Tumefundishwa kusoma tarakimu kutoka kushoto kwenda kulia. Jicho likutanapo na 2.99, akili haingoji mwisho wa safari. Imekwisha kushika ile mbili, na juu yake imejenga wazo lake kwamba kitu hiki ni ghali au ni rahisi. Ni kama wageni waingiapo nyumbani: aliyetangulia mlangoni ndiye tumsalimuye kwa heshima, na wale wa nyuma hupita bila kutazamwa sana.

Wataalamu wawili, Manoj Thomas na Vicki Morwitz, walilichungua jambo hili kwa majaribio, wakatoa habari yake mwaka 2005. Waliona kwamba bei iishiayo na tisa huonekana ndogo kuliko ilivyo pale tu tarakimu ya kushoto inapobadilika. Kati ya 3.00 na 2.99 tofauti ni senti moja, na kati ya 3.60 na 3.59 vilevile ni senti moja. Lakini katika bei mbili za kwanza tatu imegeuka kuwa mbili, na moyo wa mnunuzi waona kwamba amepata nafuu kubwa. Katika zile za pili tarakimu ya kushoto haikusogea, na moyo nao hausogei.

Wengine wawili, Eric Anderson na Duncan Simester, walieleza mwaka 2003 majaribio waliyoyafanya pamoja na wafanya biashara wauzao nguo kwa njia ya posta. Gauni lile lile liliwekwa bei tatu katika nakala mbalimbali za kitabu cha bidhaa: dola 34, dola 39 na dola 44. Mtu mwenye hesabu atadhani gauni la dola 34 liliuzwa zaidi, kwa kuwa lilikuwa rahisi kupita yote. Sivyo. Lililouzwa zaidi ni lile la dola 39. Tisa imekuwa kama ishara: mnunuzi aionapo huamini kwamba amekutana na bei iliyopunguzwa, hata kama haikupunguzwa.

Wala usidhani wanaonaswa ni wajinga tu. Mwaka 2012 wataalamu wengine walitoa habari za magari yaliyokwisha kutumika, zaidi ya milioni 22, yaliyouzwa huko Marekani. Magari yaliyotembea kati ya maili 79,900 na 79,999 yalipata bei iliyozidi kwa dola kama 210 bei ya yale yaliyotembea kati ya maili 80,000 na 80,100. Maili mia moja si kitu kwa gari. Lakini saba imegeuka kuwa nane, na mamia ya dola yakaenda na mgeuko huo. Wanunuao gari ni watu wanaojua hesabu. Hesabu waliijua, ila hawakuimaliza.

Hapa kwetu Afrika wengi wamekutana na desturi hii kwa njia ya viatu. Tomáš Baťa alianzisha kazi yake ya viatu mwaka 1894 katika mji wa Zlín, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Cheki. Bei zake ziliishia na tisa, na mpaka leo watu wa nchi ile huiita bei ya namna hiyo kwa jina lake. Kampuni yake iliingia Kenya, ikajenga kiwanda Limuru. Na katika maduka yake ya Kenya bei ya shilingi 999 si kitu kigeni kwa mzazi anunuaye viatu vya shule.

Je, bei kama hiyo ni uwongo? Hapana. Imeandikwa yote, hata chembe ya mwisho. Lakini ni ukweli uliopangwa ili usisomwe wote.

PETROLI YETU

Ukienda Kenya utaona bei ya petroli ina senti pia, lakini asili yake ni nyingine. Huko mamlaka ya serikali hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, nayo hutoka katika hesabu ya gharama za kununua, kusafirisha na kodi. Mwezi wa Septemba 2023, kwa mfano, lita moja jijini Nairobi ilipangiwa shilingi 211 na senti 64. Nchini Tanzania mamlaka ya nishati na maji, EWURA, hufanya hivyo tangu mwaka 2009, nayo hutangaza kwa shilingi kamili. Senti hizo 64 za Nairobi si chambo. Ni mabaki ya hesabu.

Lakini mtazame dereva wa pikipiki ya abiria afikapo kituoni. Hasemi, nipe lita moja. Husema, nitilie ya shilingi mia. Kwa bei ile ya Septemba 2023 mia yake ilimpa kama sentilita 47. Siku bei ipandapo, yeye bado atoa mia ile ile, na mkono wake hausikii kitu. Atakayesikia ni injini, itakapozimika kabla ya kufika alikozoea kufika.

Hapo ndipo tunapofika Kalemie. Nchini Kongo bei rasmi hupangwa na Wizara ya Uchumi wa Taifa, kwa kanda. Lakini petroli ya kwetu huvuka ziwa, hupandishwa bandarini, hupita mikono mingi, na mwisho wake husimama mezani kando ya njia, ndani ya chupa. Katika miji mingi ya Kongo wauzaji hao wa njiani huitwa makadafi, kwa jina la yule mtawala wa Libya, nchi yenye mafuta mengi.

Katika meza hizo hutaona bei iishiayo na tisa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna chenji. Faranga ya Kongo ilipozaliwa tarehe 30 Juni 1998 ilikuwa na noti za sentimu: ya sentimu 1, ya 5, ya 10, ya 20, ya 50. Siku zile dola moja haikufika faranga mbili. Katika mwaka 2024 dola moja ilipita faranga 2,800. Sentimu zimekufa, na faranga moja moja nazo zimezikwa. Noti ya faranga 50, ikipatikana, imechakaa hata mchuuzi huikataa. Basi bei zetu ni za mia tano na za elfu. Nazo zinayo tisa yake: 9,500 mahali pa 10,000. Hiyo nayo ni tarakimu ya kushoto iliyopunguzwa.

Lakini hila kubwa ya kwetu haimo katika bei. Mahali ambapo bei haiwezi kukatwa, hukatwa kipimo. Wamarekani waliivunja senti. Sisi tumeivunja lita.

CHUPA NA LITA

Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme, kwa mfano tu, lita kamili ya petroli yauzwa faranga 4,000 kituoni, na chupa kubwa ya bia iliyojaa petroli yauzwa faranga 3,000 njiani. Jicho husema nini? Husema tatu ni ndogo kuliko nne, tena njiani hakuna kusubiri. Lakini chupa ile kubwa ya bia huchukua sentilita 72 tu. Gawanya 3,000 kwa 0.72: utapata faranga 4,167 kwa lita. Kilichoonekana rahisi ndicho kilicho ghali. Na ikiwa muuzaji hakujaza hadi shingoni, ameacha nafasi ya sentilita mbili tu, sasa lita yafika faranga 4,286.

Utasema: faranga 167 ni kitu gani? Mchukue basi kijana mwenye pikipiki anunuaye chupa mbili kwa siku, siku sita za juma. Chupa kumi na mbili ni lita 8.64. Amelipa faranga 36,000. Kwa bei ya lita angelipa 34,560. Kwa juma moja amepoteza faranga 1,440. Kwa majuma 52, faranga 74,880. Hizo ni daftari za watoto na kalamu zao, au dawa siku mtoto ashikwapo na homa usiku. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Zimetoka zenyewe, sentilita kwa sentilita, mchana kweupe.

Wala si petroli peke yake. Mafuta ya mawese hupimwa kwa chupa ndogo, unga kwa bakuli, dagaa kwa kopo, sukari katika vifuko vya plastiki vya kufumba kiganjani. Bei hubaki ile ile mwezi hata mwezi, na watu husema, sukari haikupanda. Haikupanda, imepungua kifukoni. Hapa Katanika, mahali ambapo mwaka 2017 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia mapigano walikuwa wakikaa kambini, twajua vizuri maana ya kununua cha kutosha chakula kimoja tu. Na hilo ndilo jambo la kuhuzunisha: mtu mwenye fedha hununua gunia au dumu zima, hupata kipimo kamili kwa bei ya chini, maskini, asiyeweza kulipa ila kidogo kidogo, hulipa zaidi kwa kila kijiko. Umaskini wenyewe una kodi yake, wala haikuandikwa katika bango lolote.

JE, NI WIZI?

Tusimhukumu muuzaji upesi. Ameamka alfajiri, amebeba dumu, petroli yake nyingine imegeuka hewa juani, na kila siku hukaa karibu na moto uwezao kumwunguza. Faida yake ni haki ya jasho lake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya kununua na kuuza, alifundisha kwamba bei ya haki haiwezi kupimwa kwa nukta. Kuzidi kidogo au kupungua kidogo hakuivunji haki. Lakini alifundisha vilevile kwamba auzaye kwa kipimo pungufu huku akijua amefanya udanganyifu. Na nabii Amosi, karne nyingi kabla yake, aliwakemea wafanya biashara wa Israeli kwa jambo hilo hilo: kukifanya kipimo kuwa kidogo na bei kuwa kubwa.

Kwa hiyo tofauti ni hii. Anayeuza chupa na kusema hii ni chupa, hakudanganya. Kila mtu aiona. Anayesema hii ni lita, naye ajua si lita, amedanganya. Na mnunuzi anayekataa kuhesabu hawezi kumlaumu mwenziwe kwa kila hasara.

TUFANYEJE NYUMBANI

Kwanza, tusome bei mpaka mwisho, tena tuisome kwa kuizungusha juu: 9,500 ni elfu kumi, 2.99 ni tatu. Ukisema hivyo kwa sauti, tarakimu ya kushoto hupoteza uchawi wake.

Pili, tulete kila bei katika kipimo kimoja. Usiulize, chupa ni bei gani. Uliza, lita itakuwa bei gani, au kilo itakuwa bei gani. Simu nyingi za mkononi zina hesabu ya kugawanya ndani yake. Mtoto wa darasa la tano aliyejifunza desimali aweza kumfanyia mama yake kazi hiyo sokoni, naye ataona kwamba alichoandika ubaoni kina faida sufuriani.

Tatu, tuwe na kipimo chetu. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikitiwa alama kwa rangi katika lita moja na nusu lita, yatosha. Siyo ya kugombana na muuzaji, bali ya kujua. Muuzaji ajuaye kwamba mteja wake hupima, hujaza.

Nne, wanaonunua kidogo kidogo waungane. Madereva wanne wa pikipiki wakiaminiana, wakatoa fedha pamoja asubuhi, waweza kununua dumu la lita ishirini kituoni kwa bei ya lita, wakagawana kwa kipimo. Jirani wawili waweza kugawana kilo tano za sukari. Hapo akina baba na akina mama wahitaji kusikilizana, maana fedha ya pamoja bila imani huleta ugomvi kuliko faida.

Tano, tuandike. Daftari moja la kurasa thelathini na mbili latosha kwa miezi kadhaa: tarehe, kitu, kipimo, bei. Mwisho wa juma mume na mke waketi chini ya taa, wajumlishe pamoja. Wataona wapi mia zao zilipita bila kuaga. Mali bila daftari huisha bila habari. Na jamaa nyingi zilizo na mapato ya haki, na watoto wenye bidii, hushindwa kulipa karo si kwa sababu ya msiba mkubwa, bali kwa sababu ya vijisehemu vidogo ambavyo hakuna aliyeviona kuwa vyastahili kuhesabiwa.